Siku za Mashine za Baba

Kila asubuhi ya likizo, Anasuya alifagia duka la baba yake pale Miembeni, mjini Bukoba, akiyasalimu magunia ya chumvi kwa heshima zote, kama walivyomsalimu mwalimu mkuu katika shule yake ya bweni. Likizo hii baba, Ramniklal, hakucheka kama zamani. Figo zake zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki, huko Nairobi, alisafishwa damu kwa mashine. Bukoba alikuja siku mbili tu, kuiona familia.

Jirani yao, Mama Felicitas, alileta ndizi zilizopikwa na maharage.

"Pole, waitu, ndugu yetu. Atakula kidogo?" alimwuliza Narendra, mdogo wake Ramniklal, ingawa mgonjwa alikuwa ameketi hapohapo.

"Daktari amemkataza ndizi," Narendra alijibu.

Ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya ukimwi. Kila nyumba ilikuwa imeuguza, na watu walizoea kumsemea mgonjwa kana kwamba ameshazikwa.

"Damu haisafiki vizuri," Narendra aliendelea. "Daktari anataka tuongeze siku ya tatu, au zibaki siku mbili lakini kwa saa nyingi zaidi. Nimeamua siku tatu."

Anasuya akagonga sahani ya mizani kwa jiwe la kupimia. "Taarifa, mheshimiwa mwenyekiti! Mkutano umesahau kwamba mgonjwa ana mdomo."

"Nyamaza! Hapa si shuleni."

"Hata shuleni, baba mdogo, anayechapwa huulizwa kwanza kama ana la kusema."

Ramniklal aliinua mkono uliojaa makovu ya sindano. "Kila nikitoka kwenye mashine, siku hiyo yote imepotea. Mkiongeza ya tatu, mtakuwa mmenipokonya siku nyingine. Niongezeeni saa. Nitavumilia."

"Mbona hukusema, kaka?"

"Nani aliniuliza?"

Narendra alikwenda kwenye simu ya duka kumpigia daktari. Alirudi ameinamisha kichwa. Daktari alikuwa amesema njia zote mbili zingefaa. Wiki nzima alikuwa akisubiri neno la mgonjwa mwenyewe.

Anasuya alitaka kushangilia, lakini Mama Felicitas alikuwa analia.

"Mwanangu Byabato alipougua, nilimwamulia kila kitu," alisema. "Nilimlaza chumba cha nyuma, watu wasimwone. Kumbe alitaka kulala sebuleni, asikie wenzake wakipita. Niliambiwa na dada yake baada ya mazishi. Anasuya, usiache hiyo tabia yako. Mgonjwa aulizwe angali anaweza kujibu."