Matanga Kwenye Flashi

Haya yalimpata rafiki yangu Mukhwana, fundi wa simu pale Lindi, Kibera. Alinunua flashi kuukuu Kawangware, akaikuta na video moja tu, ya mazishi ya mtu asiyemjua. Akaifuta, akaijaza sinema, akaichomeka kwenye rauta yake ya Wi-Fi ili majirani wa ploti, wapangaji wenzake, watazame kwa simu zao.

Giza lilipoingia, jirani yake Valary akamwita kupitia ukuta wa mabati. "Mukhwana, hii matanga umetuwekea ni ya nani?"

"Hiyo si nilifuta!"

Akaichomoa flashi. Nyimbo za maombolezo zikaendelea kwenye simu ya Valary. Stima ikapotea, taa za rauta zikazimika. Nyimbo hazikukoma.

"Na mbona," Valary akauliza polepole, "ni wewe umebeba msalaba, ukiwa na hiyo shati umevaa leo?"