Aliyepimwa Presha Si Nyundo

Kila asubuhi, kabla hajaonja hata tonge moja, Nyundo aliimwagia sahani yake chumvi mpaka mboga zikameta.

"Baba, umeonja kwanza?" aliuliza binti yake wa miaka kumi na miwili. Kwa maneno yake mengi, mtaa mzima ulimwita Chiriku.

"Mwanangu, kule shimoni natoa jasho ndoo nzima. Chumvi iliyotoka lazima irudi!"

Wachimbaji wote wa makaa ya mawe walisema hivyo. Nyundo akamaliza kula, akawasha sigara, akasugua kisogo kilichomuuma tangu juzi, kisha akaenda kazini akipiga mluzi. Yeye ndiye aliyeshika mashine ya kutoboa mwamba, na hakuna kazi aliyoipenda kama hiyo.

Siku hiyo wachimbaji walikuwa wakipimwa presha. Alasiri Chiriku alitoka shuleni, akapita langoni mwa mgodi kumpelekea baba yake shati safi. Akakuta foleni ya watu weusi tii kwa vumbi la makaa, kuanzia kofia hadi buti. Kilichong'aa ni macho na meno tu. Kumjua wako, labda umsikie akikohoa!

Chiriku alimjua wake kwa mwendo. Akamwona akimpenyezea kadi rafiki yake Swala, kijana aliyekwenda kazini mbio kila siku. Swala akaketi mbele ya muuguzi na kadi ya Nyundo mkononi.

"Mzee Nyundo!" alisema muuguzi. "Presha yako ni ya kijana wa miaka ishirini!"

Foleni ikapiga makofi. Chiriku akamsogelea baba yake. "Baba, mbona yule..."

"Nyamaza, mama. Wakinikuta na presha watanitoa shimoni. Nikibaki juu, nitakuwa nani?"

Huku akisema, mkono wake ulirudi kisogoni. Chiriku akauona. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele ya wenzake. Asiposema, huenda akampoteza. 

"Kitendawili!" akapaza sauti.

"Tega!" wachimbaji wakaitikia. Nani akatae kitendawili baada ya kazi?

"Hupanda bila ngazi, hupiga bila fimbo."

"Jua!"

"Siyo."

"Mama mkwe wangu!" alisema mmoja, watu wakaangua kicheko. "Basi, tumeshindwa. Chukua mji."

"Nimechukua. Jibu ni presha," alisema Chiriku. "Na baba yangu, Mzee Nyundo, hajapimwa."

Muuguzi akalowesha kitambaa, akamfuta uso Swala aliyekuwa bado kitini. Kikatokea kidevu kisicho na hata udevu mmoja.

"Lo! Mzee Nyundo, umezaliwa upya?"

"Shikamoo, dada," Swala akanong'ona.

"Marahaba, mpimwa-kwa-niaba! Inuka hapo."

Nyundo akaketi, kichwa chini. Kipimo kikasoma mia na themanini kwa mia na kumi. Muuguzi hakucheka tena.

"Mzee Nyundo, mshipa wa kichwa ungeweza kupasuka ukiwa huko chini. Jasho linataka maji. Chumvi ya chunguni inatosha. Utafanya kazi juu, kwenye mkanda wa kubebea makaa, mpaka presha ishuke. Sigara acha, na dawa umeze kila siku."

Baba na binti walirudi nyumbani. Mlangoni Nyundo akasimama.

"Chiriku, katika ule mji uliopewa, kuna nafasi ya baba?"

"Ipo, baba. Ila hakuna chumvi."

Nyundo akacheka mpaka akashika mlango.

Haikuwa rahisi. Sigara aliiacha mara mbili, ikamrudia mara mbili. Ya tatu ikakata tamaa yenyewe. Kila jioni alitembea na Chiriku hadi shuleni na kurudi, akilalamikia mboga zisizo na ladha huku akiongeza sahani.

Baada ya miezi minne, Chiriku akiwa kando yake, alipimwa tena langoni, uso ameuosha mwenyewe. Mia na ishirini na sita kwa themanini!

"Shimoni ruksa," alisema muuguzi, "ila dawa usiache."

Nyundo akamnyanyua binti yake juu juu, foleni nzima ikashangilia. Muuguzi akawageukia wachimbaji.

"Mnasikia? Presha haina adabu ya kubisha hodi. Wengi hawaumwi popote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mtoto huyu alimpenda baba yake kiasi cha kumsemea ukweli. Nanyi jipendeni: njooni mpimwe wenyewe. Haya, nani anafuata? Nawe Swala, safari hii lete kadi yako!"