Diski ya Mwanarusi

Haya yalimpata kaka yangu Hesbon. Mimi Damaris nilikuwa naishi naye, kwa hiyo sisimulii ya kusikia.

Mwaka wa 1998 Hesbon alikuwa na kibanda cha kupiga chapa Ukunda, pwani. Tulikuwa watu wa bara, na tangu ghasia za kuwafukuza wabara mwaka uliotangulia majirani walitusalimu huku wakitazama kando. Hata hivyo kazi ilikuwepo: barua za kuomba ajira hotelini, kadi za harusi, wasifu wa marehemu. Alizichapa kwa kompyuta ya kubeba aliyoachiwa na meneja mmoja wa hoteli aliyerudi kwao. Ilikuwa imechoka. Kifuniko kilishikiliwa kwa utepe, na asubuhi moja ya Jumanne diski yake, ile inayohifadhi maandishi yote, ikaanza kugonga ndani kama ukucha juu ya meza.

Fundi Austine aliisikiliza akasema haimalizi mwezi.

Pa kuchagua palikuwa pachache. Diski mpya za Mombasa zilikuwa kubwa mno, mashine kuukuu kama ile isingezitambua. Aliyokuwa nayo Austine ilikuwa nzima, ila ndogo, isingebeba hata nusu ya kazi ya Hesbon. Ya tatu ilikuwa Msambweni kwa mjane aitwaye Mwanarusi, ambaye marehemu mumewe alikuwa na kompyuta ya aina ile ile.

Tulikwenda Alhamisi. Mwanarusi alitupokea mlangoni na hakutukaribisha ndani. Hesbon akampa shikamoo. Yule mama alimtazama kutoka juu hadi chini, ndipo akaitikia marahaba. Akaleta diski ndani ya kopo la maziwa ya unga.

"Usiifute," alisema. "Aliyekuwa akiandika hajamaliza."

Hesbon aliposema ataitunza, mlango ulikwisha fungwa.

Tuliporudi Ukunda Austine aliishika, akaiweka chini upesi, akapangusa kiganja kwenye suruali. Ilikuwa na joto, na haikuwa imetiwa kwenye mashine yoyote.

"Chukua hii yangu ndogo," alisema. "Hiyo wachana nayo."

Hesbon alicheka. Ya mjane iliingia sawasawa, hata matundu ya skrubu yalilingana. Ndani yake mlikuwa na faili moja tu, lililojaza nafasi yote. Tulijaribu kulifungua, likakataa. Bila nafasi Hesbon asingeweza kufanya kazi, basi akaiamuru mashine ifute.

Namba za asilimia zilipanda kwenye kioo. Tisini na tisa. Mia. Mia na moja.

Austine alichomoa waya wa umeme. Betri ya mashine ile ilikuwa imekufa zamani. Kioo hakikuzimika. Mia na mbili. Mia na tatu. Kisha mashine ikanyamaza yenyewe.

Wiki mbili ilifanya kazi vizuri. Ndipo akaja Kahindi, mtu wa upande wa Mackinnon Road, aliyefiwa na baba yake. Alitaka wasifu wa kusomwa kaburini. Hesbon aliuchapa Kahindi akiwa amesimama nyuma yake, akatoa nakala arobaini. Mimi niliusoma mwanzo hadi mwisho, kisha nikazikunja zote kwa mkono wangu. Kahindi alitangulia nyumbani na kutuomba tuzipeleke Jumamosi.

Tulipofika kaburini jua lilikuwa utosini. Sidi, dada yake Kahindi, ndiye aliyesoma. Alisoma marehemu alikozaliwa, alipobatizwa, miaka yake ya kazi ya reli.

"Ameacha watoto sita," akasoma. Akasogeza karatasi karibu na macho.

Waliokuwa na nakala wakainamisha vichwa. Nami nikafungua yangu. Chini ya wale watoto sita palikuwa na mstari ambao sikuwa nimeuona.

*Wa pili ndiye aliyemtilia sumu katika uji.*

Wa pili alikuwa Kahindi.

Alikuja taratibu katikati ya watu. Nilidhani atampiga. Alimshika Hesbon kiganja, akaweka mdomo sikioni mwake. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nani alikwambia?"

Tuliondoka pale tukirushiwa mawe. Kabla ya Jumatatu Ukunda nzima ilisema Hesbon ni mchawi, na wateja wakaanza kurudisha karatasi zao. Mmoja alileta kadi ya harusi yenye jina la mwanamke mwingine. Mwingine alileta barua ya kuomba kazi iliyotaja alichoiba kazini alikotoka. Hakuna aliyesema ni uongo. Walitutazama tu kwa chuki, kisha wakavunja meza.

Hesbon aliirudisha diski Msambweni siku ile ile. Mwanarusi hakufungua mlango. Alisema naye kupitia dirisha.

"Uliifuta?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usiniletee. Hayumo humo tena."

Akavuta dirisha.

Hesbon aliipondaponda kwa nyundo, akaitupa chooni. Tulifunga kibanda, tukahamia Voi. Hakugusa mashine yoyote tena. Nilianza kuamini yamekwisha.

Mwaka uliofuata alipoteza kitambulisho, nikamsindikiza kuomba kingine. Karani alimpaka wino vidole vyote kumi, akavibana kwenye fomu. Akaitazama ile fomu. Akamfuta vidole kwa mafuta ya taa, akampaka tena, akabana kwenye fomu nyingine.

Mistari ya vidole vya watu huzunguka. Ya kaka yangu ilikuwa imenyooka. Ilikuwa midogo mno, safu chini ya safu, ikikatika hapa na pale.

Karani alichukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya alama ya kidole gumba. Midomo yake ilikuwa ikitembea, polepole, na macho yakienda kutoka kushoto hadi kulia.

Alipofika chini alihamia kidole kilichofuata.