Printa Ilisema Imejaa, Mume Wangu Akaifunga Mdomo

Nilivuta droo… wino mweusi ukanimwagikia mapajani!

Si tone, jamani. Si doa. Ni wino wa kuchuruzika, ukashuka kwenye sketi mpaka ndani ya viatu.

Na humo ndani ya droo kulikuwa na picha ya marehemu mume wa mteja wangu, Bibi Tak. Picha pekee aliyobakiwa nayo. Nyingine zote ziliteketea nyumba yao ilipoungua.

Na Bibi Tak mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya kaunta, kajitanda skafu yake ya zambarau, anatabasamu.

"Iko tayari, mwanangu?"

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Naitwa Geum-sil. Nina studio ya picha hapa Gunsan, nyuma ya soko la samaki. Aliniachia baba yangu. Kazi yetu kubwa ni picha za wazee. Wengine wanakuja kupigwa wakiwa hai, ili siku yao ikifika picha nzuri iwepo katikati ya maua. Wengine wanaleta kapicha kadogo ka marehemu, tunakakuza, kakasimame mezani siku ya kumwandalia chakula chake cha kumbukumbu.

Mimi nasafisha sura. Mume wangu Chang-ryeol anashughulika na mashine.

Bibi Tak aliniachia picha ile siku niliyokuwa naondoka kwenda kijijini kumsaidia mama kutia kabichi chumvi na pilipili kwa ajili ya majira ya baridi. Nikaiweka kwenye droo iliyo chini ya printa, nikamwambia mume wangu:

"Baba Da-on, hii usiiguse. Nitaishughulikia mwenyewe nikirudi."

"Sawa, mama. Msalimie mkwe."

Ndiyo nimerudi sasa. Nimeinyanyua picha kwa kucha mbili…

Sura hakuna!

Imebaki tai na ukosi wa shati. Juu ya hapo, weusi mtupu.

Bibi Tak akaichukua mkononi mwangu. Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale sakafuni, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Sasa Jumamosi nitamwekea nani chakula?"

Machozi yakaanza kumtoka, hajifuti.

Mara Chang-ryeol akatokea chumba cha nyuma, kikombe cha kahawa mkononi. Akaangalia droo. Akaangalia picha. Akamwangalia bibi analia.

Unajua alisema nini?

"Mama Da-on, si nilikwambia usiweke vitu vya watu kwenye droo hiyo!"

Weee! Aliniambia lini? Wapi?

Kisha akamwinamia bibi kwa heshima zote.

"Bibi, tusamehe sana. Mke wangu siku hizi akili hana kabisa."

Damu ikanipanda hadi masikioni. Lakini nikajikaza.

"Huu wino umetoka wapi?" nikamuuliza.

"Labda chupa imepasuka."

Nikakagua chupa zote za wino. Nzima. Kavu. Nikapitisha kiganja chini ya printa… kikatoka cheusi tii!

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo.

Printa hizi za wino kila zinapojisafisha midomo yake hutema wino kidogo. Wino huo mchafu hauendi hewani. Kuna sponji huko chini ndani, ndiyo inaunywa. Sponji ikijaa, mashine inajifunga yenyewe, taa zinamulika, inakwambia: imejaa, ibadilishwe.

Yetu ilijifunga wakati wa vuli. Chang-ryeol akaibeba, akaipakia kwenye gari.

"Naipeleka kwa mafundi Jeonju. Nitalala huko, wana foleni."

Kesho yake akarudi nayo anapiga mluzi.

"Sponji mpya kabisa, mke wangu! Sasa chapa mpaka uchoke!"

Nikamchemshia na supu ya mbavu. Mjinga mimi.

Sasa nikavuta bisibisi.

"Unafanya nini? Utaiharibu!"

"Kaa mbali na mimi, Chang-ryeol."

Aliposikia namwita jina badala ya baba Da-on, akarudi hatua nyuma.

Nikaipindua mashine kwenye magazeti. Skrubu inayoshika trei ya sponji ilikuwa imefunikwa na kastika ka kiwandani. Kazima! Hakajawahi kuguswa tangu tuinunue. Nikakachana, nikavuta trei… sponji imevimba, nyeusi, inatiririka kama kitambaa cha kufanyia usafi bafuni!

"Sponji mpya ndiyo hii?"

Akaweka kikombe cha kahawa mezani.

"Nakuuliza!"

"Nilipakua kaprogramu mtandaoni," akasema kwa sauti ndogo. "Kanairudisha hesabu kwenye sifuri. Mashine inadhani sponji ni mpya, inaendelea. Kila mtu anafanya hivyo!"

Yaani mashine ilipiga kelele imejaa, yeye akaifunga mdomo! Tukaendelea kuchapa, wino ukafurika, ukashuka drooni, ukamla mume wa mtu!

Halafu kitu kikanigonga kichwani.

"Kaprogramu unakaendesha ukiwa umekaa hapa hapa. Sasa ile siku uliyolala Jeonju… printa yangu uliipeleka wapi?"

Akainama, akaanza kuokota skrubu.

Na hapo ndipo Bibi Tak alipoinua macho kutoka sakafuni. Akamtazama usoni. Akaitazama printa, na stika ya bata wa njano ambayo binti yangu Da-on aliibandika ubavuni.

"Mwanangu… huyu kijana ni mumeo?"

"Ndiyo, bibi."

"Mbona namfahamu? Lifti yetu ilikuwa mbovu, akapandisha ngazi kabeba mashine hii hii yenye bata, anahema. Hata nikamsaidia kushika mlango. Ni mume wa jirani yangu. Yule binti Yeo-jin."

Yeo-jin!

Wasomaji, Yeo-jin alikuwa mpokea wageni wangu! Aliacha kazi akisema anaenda kumuuguza mama yake. Nikalia naye. Nikamfungashia na zawadi ya ginsengi, ile mizizi ya dawa, ampelekee mgonjwa!

"Mama Da-on, nisikilize, si unavyofikiria…"

"Bibi, inuka," nikasema. "Nipeleke kwako."

Tukapanda teksi. Sketi yangu inadondosha wino, dereva ananitazama kwenye kioo, hathubutu kuuliza. Nyuma yetu Chang-ryeol anatufuata na gari, anapiga honi kama kichaa.

Yeo-jin alifungua mlango akiwa na ndala za nyumbani. Akaniona. Rangi ikamtoka usoni.

"Da… dada…"

"Dada yako nani?"

Nikachungulia ndani.

Sebule nzima ilikuwa studio! Taa za kupigia picha. Pazia la nyuma. Bango jipya limeegemezwa ukutani: STUDIO YA KUMBUKUMBU YEO-JIN NA CHANG-RYEOL. Ukutani wametundika sampuli za kuonyesha wateja, na kila sampuli ni kazi yangu, imechapwa kwa printa yangu usiku ule wa "Jeonju"! Wazee wangu! Sura nilizozisafisha kwa mikono hii!

Ghafla nikasikia Bibi Tak anavuta pumzi.

Katikati ya ukuta, kwenye fremu nyeusi, mzee mmoja wa masikio makubwa alikuwa anatutazama. Tai ile ile. Ukosi ule ule.

Alikuwa mume wake!

Mzima. Msafi. Amekuzwa vizuri kabisa.

Nikiwa kijijini kwa mama, Chang-ryeol alikuwa ameitoa picha kwenye droo, akaipitisha kwenye skana, akaichapa kuwa sampuli ya duka lake, akairudisha kimya kimya. Kumbe dakika zote zile bibi anakaa sakafuni akilia, yeye alikuwa anajua sura ya mzee ipo! Akanywa kahawa! Kwa sababu akisema ipo, itabidi aseme ipo wapi.

Hilo ndilo lililoniua. Mwanamke sawa. Duka sawa. Lakini lile la kumwacha bibi alie!

Bibi Tak hakuvua viatu. Mwanamke wa umri ule, aliyelelewa vile, aliingia sebuleni kwa watu na viatu vyake miguuni, akakanyaga zulia jeupe hadi ukutani. Akaitungua fremu, akaikumbatia kifuani.

Chang-ryeol akawa amefika, kasimama mlangoni, jasho linamtoka.

"Bibi, ichukue tu, ni zawadi…"

Kofi alilokula! Mikono ya bibi aliyekausha samaki maisha yake yote!

"Zawadi? Mume wangu ndiye unanipa zawadi?"

Mimi sikumpiga. Nilinyoosha kiganja.

"Funguo za studio ya baba yangu."

Akanipa. Mpaka leo anatuma ujumbe eti tuzungumze. Tunazungumza, kwa wakili.

Jumamosi nilikwenda kwa Bibi Tak kumsaidia kupanga mezani peasi, samaki na wali. Mzee akatutazama wote na masikio yake makubwa.

Sasa wewe unayenisoma. Mashine ikikwambia imejaa, ifungue, badilisha sponji, nawa mikono. Ukirudisha hesabu sifuri hujaondoa hata tone. Na mtu akikwambia ameshatengeneza, mwambie akuonyeshe kile kibovu alichokitoa. Asipokuwa nacho, usimchemshie supu.

Nina hasira bado, ndiyo. Na wala sina haraka ya kupoa.