Vigae Ndani ya Chujio

Hebu fumba macho, ujenge picha ya sebule moja pale Miyuji, Dodoma, Jumapili mchana, mwezi wa tisa. Nje upepo unapeperusha vumbi jekundu, na jua limekausha kila kitu hadi kamba ya kuanikia nguo inakwaruza mkono. Ndani kuna tangi la samaki la kioo, refu kama benchi la darasani. Samaki watatu wa rangi ya chungwa wanazunguka polepole. Nyuma ya tangi kuna chujio, nalo linanguruma kama paka aliyeshiba. Mbele ya kioo amesimama mtoto wa kike wa miaka sita, pua yake imegusa kioo.

Umeiona? Sasa vuta pumzi. Sebule hiyo inanuka mvua.

Ni ile harufu ya matone ya kwanza yanapopiga ardhi iliyokaa miezi bila maji. Na Dodoma, mwezi wa tisa, mvua haipo hata kwenye mazungumzo.

Halfani, baba wa mtoto huyo, aliisikia harufu hiyo akiwa amepiga magoti kando ya ndoo, mikono ya shati ameikunja. Alidhani ni sponji la chujio. Kazi yake ilikuwa kuhudumia matangi ya samaki ya maofisi na hoteli za mjini, na hili la nyumbani ndilo alilofanyia majaribio. Alichota maji ya tangi lenyewe akayatia ndooni, akalitumbukiza sponji, akawa analikamua taratibu. Uchafu wa kahawia ukatoka kama moshi.

"Baba, si ukalioshe bombani litakate kabisa?" aliuliza Ikram, binti yake.

"Nikiliosha bombani nitawaua. Maji ya bomba yana dawa."

"Utawaua nani?"

"Humu mnakaa wadudu wadogo mno, hawaonekani. Wao ndio wanaosafisha maji. Chujio ni nyumba yao. Ukiwapa nyumba yenye vishimo vingi, wanahamia."

"Wanalipa kodi?"

"Wanalipa kwa kula uchafu."

Ikram akacheka. Kisha akanyoosha kidole kwenye kikapu cha chujio, kilichojaa vipande vya vyungu vilivyovunjika. "Na huyu mama, yeye anakula nini?"

Mikono ya Halfani ikasimama. "Mama gani?"

"Huyu wa kwenye vigae. Anasema ana kiu."

Vigae hivyo nikueleze vilikotoka. Kwa kawaida kikapu cha chujio hujazwa vipete vidogo vya udongo wa kuchoma, vyenye matundu matundu. Vipete vya Halfani vilikuwa vimechakaa, na vipya alivyoagiza Dar es Salaam vilichelewa. Wiki mbili nyuma alikwenda kwao Kondoa kumzika jirani. Chini ya majabali, penye chemchemi ya kijiji, akaona lundo la vigae vya kale, vyepesi, vinavyofyonza maji kama mkate. Vilikuwa bora kuliko vipete. Akajaza mfuko.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anateka maji alimtazama, akamuuliza, "Umeomba?"

"Vigae navyo viombwe?" alijibu Halfani huku akicheka.

Lakini alijua. Alizaliwa kijijini hapo. Alijua kwamba mtu aliyepandwa na jini akitibiwa, jini huingizwa kwenye chungu, chungu kikapasuliwa pale chemchemini, na vigae vyake haviguswi tena. Alijua, ila miaka kumi na tano ya mjini ilikuwa imemfundisha kuona haya kwa kujua.

Jumapili hiyo Ikram alikunywa vikombe sita vya maji kabla ya kulala. Jumatatu asubuhi, Joha, mke wa Halfani, alikuta maji ya tangi yamepungua vidole vinne, na sakafu kavu.

"Baba Ikram, samaki wako wamejifunza kunywa?"

"Ni jua tu, mama Ikram. Yanakauka kwa joto."

"Na ya ndoo ya jikoni nayo yamekaushwa na jua, kwenye kivuli, na mfuniko juu?"

Jumanne midomo ya mtoto ilipasuka. Alikunywa ndoo ndogo nzima, na hakwenda chooni hata mara moja. Kituo cha afya walimpima sukari, wakampima malaria, hawakuona kitu. Wakamtundikia dripu. Muuguzi aligeuka kuandika jina la mtoto kwenye faili, na alipoinua kichwa mfuko ulikuwa umesinyaa, mtupu. Ngozi ya Ikram bado ilikuwa ikibaki imekunjamana ukiibana. Muuguzi alitundika mfuko wa pili, nao ukaenda vilevile, na daktari akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa kesho yake.

Waliporudi nyumbani alasiri, harufu ya mvua ilikuwa imejaa hadi kizingitini. Joha alimlaza mtoto, akanong'ona, "Zima hilo dude."

Halfani alichomoa waya wa pampu ukutani. Mngurumo ukakoma, na samaki wakasimama kama waliosikia wanaitwa, na katika ule ukimya ambao ulipaswa kuwa ukimya kamili yeye akasikia maji yakiendelea kupita ndani ya chujio, si kwa mkondo wa pampu bali kwa mafunda, funda baada ya funda, kama koo la mtu anayekunywa kwa pupa asipate nafasi ya kuvuta pumzi, na kila funda liliposhuka kwenye chujio, koo la Ikram kitandani, chumba cha pili, likapanda na kushuka pamoja nalo.

Halfani alitoka nje akampigia simu shangazi yake, Bi Mishi, mfinyanzi wa vyungu huko Kondoa, akamweleza habari ya vigae.

"Vya pale chemchemini?" aliuliza Bi Mishi.

"Ndiyo, shangazi."

"Usiviguse, na mtoto msimpeleke popote. Napanda basi la alfajiri."

Saa nne asubuhi alikuwa mlangoni, mwanamke mfupi mwenye viganja vipana.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, fundi. Wewe ndiye uliyesoma hadi ukasahau kwenu?"

Aliingia hadi kwenye tangi, akainama bila kugusa kitu. "Hiki ni mdomo wa chungu. Hiki ni shingo. Kile pale ni kitako. Nimefinyanga miaka arobaini, navijua." Akamgeukia Halfani, sauti ameishusha. "Unajua kwa nini chungu cha jini hupasuliwa? Ili asiwe na tumbo. Maji yanampitia, hayakai. Huyu amekaa na kiu tangu mama yangu akiwa msichana. Nawe ukampatia mashine ya kumletea maji usiku na mchana, akanywa, akanywa, hayakai. Basi akatafuta tumbo la karibu."

Joha aliziba mdomo kwa kanga.

"Tunamtoaje?" aliuliza Halfani.

"Mkono uliomweka ndio utakaomtoa. Utavianika juani, kimoja kimoja. Usivisuuze! Najua mikono yako ilivyozoea. Na mpaka kigae cha mwisho kikauke, mtoto asipewe hata tone. Mkimpa yeye, mmempa huyo."

"Shangazi, mtoto atakufa!" alisema Joha.

"Anakufa sasa hivi, mama, na mnamnywesha."

Halfani alitia mkono kwenye chujio. Vigae vilikuwa vya moto kama ulimi. Alivipanga nje juu ya bati, ishirini na tatu, katika jua la Dodoma ambalo hukausha shati kabla hujamaliza kuanika suruali. Kila kimoja kilipoanza kukauka, Ikram alilia ndani.

"Mama, maji. Mama, kidogo tu. Nilikukosea nini, mama?"

Joha alikaa kitandani amemkumbatia, machozi yakimtiririka, na mtoto akawa anayalamba machozi hayo shavuni. Bi Mishi aliyafuta upesi kwa upande wa kanga yake. "Hata hayo," alisema. "Lia ukiwa umegeukia kule."

Saa saba vigae ishirini na viwili vilikuwa vyeupe kwa ukavu. Kilibaki kimoja, kile cha kitako, kinang'aa kwa maji juu ya bati lililokuwa linaunguza vidole. Hakikauki. Saa nane, hakikauki. Kilio cha Ikram kilikuwa kimegeuka mkwaruzo, na Halfani akashindwa kustahimili, akachukua kikombe, akateka maji mtungini, akaingia chumbani.

"Muulize kwanza," alisema Bi Mishi kwa upole. Hakumzuia. "Muulize kiu hiyo ni ya nani. Huyo ana mengi, lakini uongo hana."

Halfani alipiga magoti. Maji yalicheza kikombeni.

"Ikram. Kiu hii ni yako?"

Mtoto alimtazama. Macho yake yalishuka kwenye kikombe, yakapanda, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Ikram kabisa, tamu, ya kudeka.

"Yetu, baba."

Naam, baba mzazi alilazimika kusimama na kile kikombe, kukipita kitanda, kutoka nacho nje, na kukimwaga mbali na mlango, huku mwanawe akimwita kwa jina lake kamili, jina ambalo mtoto hakuwahi kufundishwa, na kisha kwa jina la baba yake, na la babu yake, akishuka hadi majina ambayo hata Halfani hakuyajua, mpaka sauti ikapungua, ikapungua, ikawa pumzi tu.

Juani, kitako cha chungu kilipauka kuanzia ukingoni hadi katikati. Harufu ya mvua ikakatika, kama vile mtu amefunga mlango.

"Baba," aliita Ikram kwa unyonge. "Nina kiu."

"Ni yako?"

"Yangu."

Alikunywa nusu kikombe, nusu akaiacha, akageukia ukutani akalala. Joha aliishika ile nusu iliyobaki kama mtu aliyepewa zawadi. Bi Mishi alivifunga vigae kwenye kitambaa kikavu, akarudi navyo Kondoa jioni hiyohiyo, akakataa hata chai.

Ikram yuko shule sasa, anasoma, anacheza, anawakejeli samaki. Vipete vipya vimefika, na Halfani anavitia vichache vichache, ili wale wadudu wahamie taratibu. Lakini katika nyumba ile mtoto akisema ana kiu, mmoja wa wakubwa humuuliza kama ni yake. Kila mara hujibu haraka, huku akicheka. Ijumaa iliyopita alifikiri kwanza.

Basi wewe uliyenisikiliza hadi hapa, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Mtoto akikuomba maji katika mchana mkavu, muulize taratibu kiu ni ya nani, na kikombe ukishike mwenyewe mpaka ajibu.