Nyumba Haifungwi Mtu Akiwa Nje

Mezani Jumapili ile walikuwapo hawa. Wa kwanza Fundi, ambaye kwao alitengeneza redio na huku ugenini alitengeneza mashine za kufulia. Wa pili mkewe, aliyefanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, hata mumewe akawa na mzaha wake kwamba mmoja anaziharibu na mwingine anazitengeneza, basi njaa haitaingia nyumbani. Wa tatu binti yao mkubwa, aliyeitwa Kifungua kwa kuwa ndiye kifungua mimba. Wa nne mdogo wake, Kitinda, ambaye meno yake ya utoto yalikuwa bado yote kinywani. Wa tano hakuwapo. Lakini viti vilikuwa vitano, na kile cha tano kilikuwa kimewekwa kando ya mlango, kikitazama ndani. Hakuna aliyekumbuka kukiweka pale.

Ilikuwa alasiri yenye jua. Dirishani palionekana ukuta wa jengo la pili na nguo za watu zikikauka. Kifungua alikuwa akieleza jinsi mwalimu wake anavyotamka jina la ukoo wao kama mtu aliyeng'atwa ulimi, na wote wakacheka. Kitinda hakucheka. Aliinua uso kutoka kwenye sahani, akageukia mlango, akasema kwa sauti kubwa na ya furaha:

"Nipo hapa!"

"Unamwitikia nani?" akauliza mama yake.

"Bibi. Ameniita."

Mama mtu akamtazama mumewe. Fundi alikuwa ameinamia chakula chake, akikata kipande ambacho kilikuwa kimekwisha kukatwa.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa nimtaje Bibi na desturi yake.

Bibi alikuwa mama mzazi wa Fundi. Macho yake yalikuwa yamezimika kitambo, na katika miaka ya karibuni kumbukumbu nayo ilianza kuja na kwenda kama umeme wa mgawo. Lakini kazi moja hakuisahau. Jua likizama huketi kwenye kiti kando ya mlango, mkono juu ya komeo, na kuwaita wa nyumbani mmoja mmoja. "Mwanangu?" Fundi huitika, "Nipo, mama." "Mkaza mwana?" Mkewe naye huitika. Kisha Kifungua, kisha Kitinda. Wote wakishaitika, ndipo husukuma komeo. Asiyeitika husubiriwa, hata kama ni mpaka usiku wa manane. Alikuwa na neno lake: nyumba haifungwi mtu akiwa nje.

Ruhusa ya kuhama ilipotoka, ilitoka kwa watu wanne. Fundi alimweleza mkewe kwamba mama yake amekataliwa kwa sababu ya macho. Mkewe alilia, kisha akauliza nani atamwambia. Fundi akasema hakuna haja ya kumwambia. Akachukua kasha la redio iliyokufa, akalifungia ndani vifaa vyake vya kunasia sauti, akatoboa matundu manne na kutia vitufe vinne. Kila kitufe alikizungushia uzi wa rangi yake. Kisha akawaita mkewe na binti zake chumbani, akafunga mlango, akamtaka kila mmoja aseme neno lile analosema kila jioni.

"Unataka kumfanyia mama yako mchezo wa redio?" mkewe alimwuliza.

"Ni mpaka azoee."

"Azoee nini, naye hajui kwamba tumeondoka?"

Akamsogezea Kitinda kasha. Kitinda alidhani ni mchezo kwelikweli, akasema "Nipo hapa!" mara nyingi mpaka akaambiwa basi.

Bibi aliachwa mikononi mwa mtoto wa mama mdogo wa Fundi. Wako watakaomwita binamu, lakini jina sahihi ni dada, naye alimwita Bibi kwa jina la Mama Mkubwa kama ipasavyo. Alikuwa mwanamke mcheshi. Alipopewa kasha lile alilipima uzito, akasema, "Kaka, umeutia ukoo mzima ndani ya boksi! Na hili litaitika kuliko wewe ulivyokuwa unaitika." Kazi yake ilikuwa kuketi karibu na kubonyeza. Bibi akiita, anabonyeza. Na kwa muda mrefu Bibi aliita, kasha likaitika, komeo likasukumwa.

Kwao jua huzama mapema kuliko huku. Magharibi ya kule ni alasiri ya huku, saa za watu kuwa mezani.

Siku ya pili baada ya Jumapili ile, dada alipiga simu.

"Kaka, boksi lako lina kasoro. Kitufe chenye uzi mwekundu hakitoi kitu."

"Uzi mwekundu ni wa nani?"

"Wa Kitinda."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Ila ajabu, Mama Mkubwa hakulalamika. Alimwita, boksi likanyamaza, mimi moyo ukanienda mbio. Yeye akacheka. Akasema, 'Huyu sasa kaitika kweli.'"

Fundi akamweleza namna ya kufungua kasha na kukaza nyaya. Alieleza vizuri, kwa utulivu, kama anavyomweleza mteja.

Usiku ule mkewe alipokuwa akikusanya nguo za kufua, alimletea soksi za Kitinda. Aliziweka mezani tu. Nyayo za soksi hizo zilikuwa na udongo mwekundu, mbichi. Katika mji ule waliohamia, kila mahali palikuwa pamesakafiwa.

Juma lililofuata ilikuwa zamu ya Kifungua. Alikuwa sakafuni akifanya kazi za shule, kalamu mdomoni. Fundi alikuwa mbele yake, akimwangalia. Aliona kichwa cha binti kikiinuka, akaona midomo ikifunguka. Alitaka kumziba mdomo. Hakuwahi.

"Nipo, bibi."

Kisha binti akaendelea kuandika.

"Umesikia nini?" Fundi alinong'ona.

"Si Bibi? Amejikwaa akaumia goti, masikini. Sauti inaonyesha."

Jioni dada alipiga simu. Uzi wa kijani umekufa. Na Mama Mkubwa amejikwaa kizingitini, goti limechubuka, lakini hataki kufungwa kitambaa.

"Kaka," dada akasema, na safari hii hapakuwa na mzaha, "humu ndani nasikia mtoto anacheka. Nikiingia chumbani hakuna mtu. Nikitoka, anacheka tena."

Fundi akaiweka sheria nyumbani. Mtu akiitwa asiitike mpaka amemwona anayemwita kwa macho yake. Mkewe alisikiliza sheria hiyo mpaka mwisho. Kisha akasema, "Sheria yote hii ni ya kumkwepa mama yako. Si umwambie kweli tu? Mwambie tulikataliwa, tunahangaika, tutamchukua. Mama haogopi kweli. Wewe ndiye unayeiogopa."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

Neno nafasi alilitamka haraka, naye mwenyewe ndiye aliyejua kwa nini.

Mke aliitika akiwa kazini. Alisimulia baadaye, ameketi kitandani na sare yake ya kazi, hajavua hata viatu. Mashine zilikuwa zikinguruma, mtu hawezi kusikia hata anayemfokea sikioni. Akasikia nyuma yake, taratibu, kama mtu aliyeketi: "Mkaza mwana?"

"Nikaitika," alisema. "Sheria yako niliikumbuka baada ya kuitika. Mkwe akikuita hunyamazi. Nimelelewa hivyo."

"Ukageuka?"

"Niligeuka."

"Ukaona nini?"

Aliuchukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya bega lake. Kitambaa cha sare kilikuwa kikavu kote, isipokuwa pale. Pale palikuwa na umbo la kiganja, na palinuka moshi wa kuni.

Sasa ulibaki uzi mmoja, mweupe. Dada aliubonyeza kila jioni na kila jioni sauti ya Fundi ilitoka safi, "Nipo, mama," bila mkwaruzo, kwa maana alikuwa fundi mzuri. Lakini Bibi hakuikubali tena.

"Anasema huyo siye," dada alieleza. "Anasema hiyo ni sauti tu, mtu wake hayumo. Anasema mkeo na watoto wamekwisha ingia, wewe ndiye bado uko nje. Na hafungi mlango, kaka. Anakaa pale mlango wazi mpaka kunakucha, na baridi hii. Nikimfunika anajifunua. Nikijaribu kufunga mimi, ananipiga kofi mkononi. Kifua kimembana. Jana amekohoa mpaka nikaogopa. Zungumza naye. Nakuomba, zungumza naye mwenyewe."

"Mpe simu."

Zikasikika nyayo, kisha sauti ya dada ikisema, "Mama Mkubwa, mwanao huyu hapa." Kisha pumzi. Pumzi nzito, yenye mluzi ndani yake. Fundi aliijua pumzi ile kabla hajajua kusema.

"Mama," alisema. "Nipo."

Pumzi ikaendelea. Kisha Bibi akasema, si kwake bali kwa dada, "Ondoa kidude hiki. Nacho ni boksi."

Jumapili iliyofuata walikuwa tena mezani, wote wanne. Hakuna aliyekula. Jua lilikuwa likiingia dirishani kama kawaida. Kiti cha tano kilikuwa mlangoni. Mara nyingi Fundi alikuwa amekirudisha mezani, na mara nyingi alikikuta pale pale.

Kitinda akasema, "Bibi amekaa."

Hakuna aliyegeuka.

"Anaanza kuita."

Kifungua akaitika kwa sauti ndogo. Kitinda akaitika. Mkewe akaitika, macho yamefumbwa, machozi yanamtiririka. Nje, kwenye ukumbi wa ngazi, kengele ya lifti ililia. Mtu akashuka, akaenda zake.

Na Fundi akasikia. Kwa mara ya kwanza alisikia na yeye. Sauti ilitoka upande wa mlango, chini kidogo, kimo cha mtu aliyeketi.

"Mwanangu?"

"Itika," mkewe alinong'ona.

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini. Alikwisha kulisema maelfu ya mara, na mara ya mwisho alilisema mbele ya waya.

"Mwanangu?"

"Itika, baba," akasema Kifungua. "Anaumwa."

Fundi akasimama. Hakukaribia mlango. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtoto aliyevunja chombo.

"Sipo, mama."

Pumzi ile yenye mluzi ikasimama.

"Sipo. Nilikuacha. Hawakukukataa. Ofisini waliniuliza, 'Mko wangapi?' Nikasema, 'Wanne.' Nilikuhesabu moyoni, kisha nikasema wanne. Niliona macho yako yatatuchelewesha. Sipo, mama. Usinisubiri."

Mkewe alimtazama. Aliutoa mkono wake juu ya meza, mahali ulipokuwa karibu na mkono wa mumewe, akauweka mapajani.

Ikasikika sauti ambayo wote wanne waliifahamu. Mti ukisuguana na mti. Polepole, kwa mkono dhaifu. Kisha kishindo kidogo cha komeo likifika mwisho. Mlango wa nyumba ile ya ghorofa ulikuwa wa chuma na kitasa, haujapata kuwa na komeo.

Kitinda akaanza kulia. "Bibi amefunga," alisema. "Na baba yuko nje."

Kiti kilikuwa kitupu. Fundi alipokigusa, kilikuwa na joto.

Dada alipiga simu asubuhi. Fundi alikuwa kwenye karakana, mikono ina grisi, akaweka simu kati ya sikio na bega.

"Kaka, jana jioni ulilishika boksi lile kwa njia yoyote? Ninyi mafundi mnaweza mambo."

"Hapana. Kwa nini?"

"Nilibonyeza uzi mweupe kama kawaida. Haikutoka 'Nipo.' Ilitoka sauti yako inasema, 'Sipo.' Ikaeleza mambo mengine, kaka. Mambo ya ofisini. Nilitaka kuizima, haikuzimika. Mama Mkubwa alisikiliza yote, mkono juu ya komeo."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Haya. Huyo ndiye yeye.' Akafunga mlango, akaniambia nimsaidie kulala. Nimebonyeza tena leo, maneno ni yale yale. Na kabla hujaanza kusema kuna kengele inalia, kama ya lifti. Huku kwetu hakuna lifti, kaka."

Kwenye meza ya kazi, mashine aliyoitengeneza ilikuwa ikizunguka tupu.

"Sikukupigia kwa sababu ya boksi," dada akasema. "Mama yako amefariki alfajiri ya leo."