Ubeti wa Mwisho Hukuusoma

"Wewe ndiye Nakhumicha?"

"Ndio. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Jacklyne, niko Kileleshwa. Unamjua fundi wa rangi anaitwa Were?"

Nakhumicha aliacha kuanika shuka za tajiri wake pale Lavington. Amjue Were! Miaka minne wamekaa chumba kimoja Kangemi, na Jumamosi hii Were alikuwa aende Butere kujitambulisha kwa wazazi wa Nakhumicha. Mama alikuwa ameshafungia kuku wawili wa kumchinjia mgeni.

"Ni bwanangu. Kwani ameanguka ngazi?"

"Pole, dada. Mimi aliniambia hana mtu. Jana amenitumia shairi, ati ametunga mwenyewe, nione vile maisha imempiga. Sikiza."

*Upepo umeezua, paa letu la mabati,*
*Mtoto ukachukua, hajatimiza wakati…*

"Aki nililia. Halafu nikafika mwisho: *Tamati nimefikia, Nakhumicha nimechoka.* Alipokuja kwangu nikatafuta hilo jina kwa simu yake, nikapata namba yako."

Mtunga shairi hujitaja kwenye ubeti wa mwisho, hata mtoto wa shule anajua. Were alituma bila kufika huko. Mjinga wa mwisho, acha niseme.

Shairi hilo Nakhumicha alilitunga mwaka jana, wiki ile upepo ulipong'oa paa lao naye akampoteza mtoto wa miezi saba tumboni. Alimtumia Were. Were akamjibu: "Nimesoma yote mpenzi. Nimelia."

Jioni Nakhumicha alimkuta Were ameketi kitandani.

"Were, lile shairi la mtoto wetu ulilisoma lote?"

Were akatazama simu, akaelewa.

"Nakhu, hayo yalikuwa maneno tu. Nilitaka anione mtu wa maana."

"Mtoto wetu ni maneno tu?"

"Si hivyo. Jumamosi bado tunaenda, ama?"

"Upepo ulichukua paa, ukachukua mtoto, nikavumilia. Nilidhani tuko wawili."

Nakhumicha alichukua kile kishali alichomfumia mtoto, akatia nguo kwenye mfuko na kwenda kwa rafiki yake Munyiva, mtaa wa pili. Alilia njia nzima bila kujificha. Kabla hajaketi, ujumbe ukaingia.

"Nimesoma mpaka mwisho. Nisamehe, rudi nyumbani."

Akajibu: "Basi umeona nimeandika nimechoka."

Kisha akampigia mama Butere, akamwambia awafungulie kuku.